Spika zibaki Nairobi, wazee wa nyatiti waletwe kambini

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Najua hii ni ndefu, ukitaka kukata kata, lakini ile sehemu ya kidole cha mguu usiiguse, hiyo ndiyo imenifanya nishike simu niandike. Mimi nauza vipuri vya magari Kirinyaga Road, kuandika si kazi yangu, ila tangu turudi kutoka ziwani nimekuwa nikiongea hii maneno hadi wateja wamejua, mtu anakuja kununua brekpedi anaondoka na hadithi ya nyatiti, kile chombo cha nyuzi cha Wajaluo.

Mwezi wa nane tulitoka Nairobi watu watano tukaenda kupiga kambi siku tatu kwenye tamasha la muziki wa kiasili kando ya Ziwa Victoria. Jina la tamasha silitaji, sitaki wenyewe waone nimekuja kuwachongea gazetini, na isitoshe hata sisi tulikuwa na makosa yetu, nitafika huko. Nasikia Ulaya watu hupiga kambi miezi hii juu ndiyo wako na joto. Sisi wa Nairobi Julai na Agosti ndio baridi inatuchapa, asubuhi mtu anapanda matatu na jaketi mbili, kwa hivyo kuskia tu kuna mahali unaweza kulala nje bila kuganda tulikuwa tushatuma pesa ya tiketi.

Kulikuwa na mimi, kulikuwa na Ticha anayefunza shule ya msingi huko Kariobangi, kulikuwa na Nyar Seme ambaye ndiye mkalimani wetu wa Kijaluo, mdogo wake ambaye amemaliza sekondari juzi, halafu Besi. Besi ndiye mtu wa maana kwa hii hadithi. Kazi yake ni kufunga muziki kwenye matatu, zile nganya unaziskia zikikuja ukiwa bado kitandani na vioo vya dirisha vinatetemeka, kuna uwezekano mkubwa mkono wake umepita hapo. Sasa mtu kama huyo ukimwambia tunaenda kambi unadhani atabeba nini? Hakubeba shuka. Hakubeba tochi. Alibeba spika ya kuchajiwa, kubwa kama debe la mafuta, na betri ya gari juu yake ati in kesi chaji iishe. Konda wa basi alitaka kumlipisha kiti cha pili.

Hema tuliazima kwa vijana wa kanisa, la watu sita, na tulipolikunjua ndio tukaona pegi ziko nne peke yake. Msiwahi azima hema bila kulikunjua kwanza nyumbani, hii nasema kwa uchungu. Tulifunga pembe zingine na mawe. Halafu tulikuwa tumejichagulia mahali pazuri bana, karibu na maji, nyasi fupi imelala vizuri kama ya kiwanja cha golfu, tukashangaa mbona watu wa mbele yetu wamepaacha. Kijana mmoja wa huko akapita na baiskeli, akatuangalia, akacheka, akamwambia Nyar Seme kitu. Ilibidi tuhame. Kumbe hiyo nyasi ilikuwa imekatwa na kiboko, usiku anatoka majini kuja kula na njia yake ni ile ile, na mlango wa hema letu ulikuwa umeangalia katikati ya njia kabisa kama duka linangoja mteja. Pia alituonya tusioge pale kwenye matete juu ya kichocho. Hakuna bango lililosema chochote kati ya hayo yote, ni huyo kijana tu na baiskeli yake.

Muziki wa mchana sitaulalamikia wote. Kulikuwa na isukuti kutoka upande wa Kakamega, ile ngoma kubwa na ya kati na ndogo, na pembe, hao watu wakiingia hata mwenye mguu mbovu anasimama. Wengi wetu isukuti tuliijua kwa mashindano ya muziki ya shule, hayo yako tangu 1927, mtoto anafunzwa wimbo mmoja miezi mitatu anauimba dakika chache mbele ya majaji na imeisha hivyo. Ticha ndiye alituambia hiyo ngoma UNESCO waliiweka mwaka wa 2014 kwa orodha ya vitu vinavyohitaji kuokolewa haraka. Nikiangalia wale vijana vile walikuwa wanaruka sikuona mgonjwa hapo, lakini pia nikahesabu kwa kichwa wale watoto wa ploti yetu Umoja wanaweza kuipiga, nikanyamaza. Kulikuwa na obokano ya Wakisii, sijawahi kuiona kwa macho kabla ya siku hiyo, ni kama nyatiti imekula ikashiba, sauti yake nzito inakoroma mpaka unaiskia kwa tumbo. Na chivoti ya Wadigo, filimbi ya pembeni, tamu sana. Chakula nacho kilikuwa sawa, ngege wa kukaanga na ugali, bei ya tamasha lakini hakuna aliyerudisha sahani na kitu.

Sasa nyatiti.

Kwa wale hawajawahi kuiona ikipigwa karibu: ina nyuzi 8, bakuli la mti limewambwa ngozi ya ng'ombe, na mwenye kupiga hakai kwa kiti cha kawaida, anakaa kwa kistuli kifupi karibu aguse chini, nyatiti yenyewe imelala kando yake. Vidole vinacheza kwa nyuzi, hiyo kila mtu anaiona. Lakini kwa kidole gumba cha mguu amevaa pete ya chuma, wenyewe wanaiita oduong'o, na hiyo pete anaigonga kwa mti wa nyatiti, ko ko-ko, ko ko-ko, hayo ndiyo mapigo. Mguuni amefunga njuga, gara. Halafu juu ya yote hayo anaimba. Yaani ni bendi nzima na ni mzee mmoja.

Siku ya kwanza saa tisa mchana akapanda steji mzee wa miaka kama sabini hivi, kofia ya manyoya, kistuli chake mkononi. Vijana wa mitambo wakaleta maiki moja wakamwekea mdomoni, nyingine wakaielekeza kwa nyuzi, wakarudi kwa miksa yao wakaanza kuangalia simu. Mzee akaanza. Tulikuwa tumesimama kama hatua thelathini na kitu nilichoskia ni ting ting ting, kama mtu anajaribu gita kwa duka. Nikajiambia kumbe ndio hii nyatiti wanasifu hivyo. Besi akanisukuma na kiwiko. "Hawa wameacha ngoma chini," akasema. Sikuelewa. Akanionyesha mguu wa mzee. Kweli mguu unaenda, unagonga, unagonga kwa nguvu, na sisi huku hatuskii kitu. Sikiza, huyu ni mtu ambaye sijawahi kumuona akikasirikia muziki wowote ule, kwake yeye bora kuwe na besi, lakini hapo alikasirika kama fundi amepelekewa gari iliyofungwa vibaya na fundi mwingine.

Na haikuisha hapo. Kuna kitu kinaitwa pakruok, Nyar Seme alinieleza tukiwa hapo hapo. Nyatiti ikipigwa nyumbani kwa watu si lazima ukae kimya kama kanisani. Unatoa pesa kidogo, mwenye kupiga anasimamisha muziki, wewe unasimama unajisifu, unajipa majina ya kujipamba, unamsifu rafiki yako au mpenzi wako au kijiji chenu, watu wanacheka, mwingine anakujibu na pesa yake pia, halafu muziki unaendelea ukiwa moto kuliko ulivyokuwa. Watu wa Pwani mtaelewa haraka, ni ndugu wa kule kutuza kwenye taarab, mama mstari umemgusa anainuka na noti yake pole pole anaenda kwa mwimbaji na kila mtu anajua huo mstari umeenda kwa nani. Basi mchana ule baba mmoja wa shati jeupe alienda na mia mbili mkononi mpaka pembeni ya steji. Askari wakamrudisha. Akajaribu upande wa pili, akarudishwa tena. Mzee akapiga mwanzo mpaka mwisho bila kusimamishwa na mtu hata mara moja, na kwa wenye wanajua hiyo si heshima, hiyo ni kama umepika pilau na hakuna aliyekuja kula. Dakika kumi na tano zikaisha, emsii akaingia, "makofi kwa mzee wetu jamani", na dijei akabonyeza kitu ardhi ikatetemeka.

Usiku wa kwanza ndio aibu yetu. Kambini kila hema lilikuwa na spika yake. Huku amapiano, kule gengetone, upande wa choo kuna mtu aliweka rege moja akairudia rudia, na katikati yetu sisi na debe la Besi tumewashinda wote, na tulifurahi kuwashinda, sitadanganya. Mama mmoja wa hema la jirani, alikuwa na mtoto mdogo, alikuja saa sita akatuomba kwa upole tupunguze. Tukapunguza kidogo, alipolala tukarudisha. Usiku huo hakukuwa na mwezi na ziwani wavuvi wa omena walikuwa wamewasha taa zao kuvuta samaki, mamia ya taa zimeelea gizani mpaka mdogo wake Nyar Seme akauliza ng'ambo kule ni mji gani. Tulitazama dakika mbili tukarudi kwa spika. Yaani watu wazima tumelipa nauli, tumekaa kwa basi usiku kucha kupitia Narok na Kisii mpaka migongo ikafa, tumelipia kambi kila kichwa, tukafika tukaanza kuskiza kitu ambacho matatu ya Umoja inatuchezea asubuhi na jioni ukitaka usitake.

Siku ya pili mvua. Mvua ya ziwani haikuji na hodi, saa nne usiku kulikuwa na nyota na saa nne unusu hema limelala upande mmoja na mawe yetu yote yameng'oka, Ticha ameshika nguzo kwa mikono miwili akiimba pambio na sisi wengine tunakimbizana na viatu. Spika ya Besi ilikuwa nje. Tulipoikumbuka ilikuwa imekunywa maji, ikatoa sauti moja kama mbuzi na ikanyamaza. Kambi yote ikanyamaza, jenereta pia ikazimwa. Mvua yenyewe ilikatika karibu saa saba usiku na tukawa tumekaa hapo tumelowa, hakuna mtu ana usingizi, vyura tu.

Ndipo tukaskia. Mbali, juu kwa kilima, ko ko-ko.

Besi ndiye alisimama wa kwanza. Tukafuata sauti na tochi ya simu kwa matope, kama kilomita moja na nusu hivi kupanda, mpaka kwa shule ya msingi. Kumbe wanamuziki wote wamelazwa huko. Madarasani mikeka na magodoro membamba, madawati yametolewa nje yananyeshewa. Kwa veranda chini ya taa ndogo ya sola amekaa yule mzee na kistuli chake, pembeni yake kijana wa orutu, ile zeze ya uzi mmoja, kijana wa chivoti kutoka Kwale, na wawili wa isukuti hawana ngoma lakini wanapiga dawati na vidole. Nyar Seme akawaamkia kwa Kijaluo na kumwita mzee Jaduong' kama inavyofaa. Mzee akatuangalia matope mpaka magotini. Akatuuliza kwa Kiswahili, "Nyinyi ndio wa ile kambi ya kelele?"

Tukanyamaza. Besi akasema, "Ndiyo Jaduong', ndio sisi."

"Sasa kelele imeenda wapi?"

"Imenyeshewa."

Alicheka mpaka nyatiti ikacheka naye, nyuzi zikatetemeka zenyewe. Tukapewa dawati la kukalia.

Mhariri sijui nikuelezeje. Ile ting ting ya mchana ilikuwa robo ya kitu. Pete ile ikigonga mti inaingia kwa sakafu ya simiti inapanda kwa miguu yako, njuga zinafuata nyuma kidogo, nyuzi zinazunguka hapo katikati na sauti ya mzee, ambayo si nzuri tena kusema kweli, imekwaruzika, inakaa juu yake kama mtu anaongea na wewe peke yako. Besi alilala kifudifudi. Sidanganyi, mtu mzima ana watoto wawili, alilala kwa veranda ya shule saa nane usiku akaweka sikio kwa simiti karibu na mguu wa mzee, na mzee akaangalia chini mara moja tu akaendelea kupiga kana kwamba hiyo ni kawaida.

Yule wa orutu mchana ni bodaboda. Yeye na wa chivoti walikuwa hawajuani, kwa programu mmoja alipiga Ijumaa mwingine Jumapili, hapo kwa veranda ndio walikuwa wanatafutana. Filimbi mashimo yake yameshatobolewa, haikubali kubembelezwa, kwa hivyo wa orutu ndiye alikuwa anakaza uzi wake kidogo, anajaribu, analegeza, mpaka zikakutana, na zilipokutana wale wa dawati wakaingia na hakuna mtu aliyehesabu wala kupanga kitu. Hicho kitu hakikuwa kwa tiketi yangu. Mwenye tamasha hajui kilifanyika. Wadigo na Wajaluo na Waluhya wamepiga pamoja saa nane usiku na wasikilizaji ni watu watano wamelowa na mlinzi wa shule.

Mzee alikuwa muongeaji. Alituambia zamani nyuzi zilikuwa mishipa ya ng'ombe, siku hizi ni uzi wa wavuvi, maana ng'ombe akichinjwa sasa mishipa inaenda kwa supu. Alituambia zile 8 wazee wake walizihesabu nne na nne, siku nne za mtoto wa kiume akizaliwa na siku nne za mwanaume akifa. Kijana wa orutu akadakia, benga yote mnayocheza nyinyi watu wa Nairobi ni gita zilizojaribu kuiga vidole vya nyatiti, na hapo hakuwa anajisifu tu, ukiskiza zile gita za benga za kuanzia miaka ya 1960 vile zinakimbizana kwa nyuzi nyembamba, halafu uskize nyatiti, utajua mtoto amefanana na nani.

Na pakruok ilikuwepo. Nyar Seme alianza, akatoa hamsini, mzee akasimamisha, akajiita majina ya kwao mpaka mlinzi akapiga kelele za furaha. Mwishowe Besi naye akataka. Akatoa mia mbili, Nyar Seme akamtungia na kutafsiri: Besi wuod Umoja, yaani mtoto wa Umoja, mwenye kutikisa vioo vya watu wamelala, leo ametikiswa na kidole cha mguu. Mimi sijawahi ona mtu amefurahia mia mbili hivyo. Tulirudi kambini kukipambazuka.

Sasa ombi langu ni hili, kwa wenye hilo tamasha na kwa yeyote mwingine anayepanga tamasha la muziki wa kiasili na anauza tiketi za kulala. Mmetenganisha vitu viwili ambavyo havifai kutenganishwa. Wasikilizaji mmewaweka chini na spika zao na wapigaji mmewaficha juu kwa kilima na madawati, na katikati mmeweka steji yenye askari. Waleteni wazee kambini. Mahali pazuri pa kulala, pasipovuja, si mikeka ya shule, halafu usiku mwashe moto mkubwa katikati ya mahema, mabenchi, kuni za kutosha maana kuni zenyewe tulikuwa tunauziana kama dhahabu, na mwenye kutaka kupiga apige na mwenye kutaka kulala alale. Na walipwe usiku huo kando, nasema hivyo mapema kabla mtu hajafikiria ni burudani ya bure, pesa ya pakruok ni ya pakruok na malipo ni malipo.

Na spika za kambini mpige marufuku. Zote. Zisipite getini, ziandikwe namba zikae stoo kama vile supamaketi wanashika mkoba wako, utachukua ukienda. Najua kuna watu watasema huyu amezeeka, vijana hawatakuja bila dijei. Mimi niko na miaka thelathini na nne na dijei sijamgusa, akae kwa steji yake kubwa mpaka saa sita akitaka, ninazungumzia kambi tu. Tena si jambo la ajabu hilo, kule Zanzibar tamasha la Sauti za Busara wanasisitiza kila anayepanda jukwaani apige laivu, wako tangu 2004 na watu wanapanda ndege kwenda. Na binamu yangu aliye Uingereza nilipomsimulia hii hadithi alicheka, akasema kwenye tamasha kama la Cambridge, ambalo lilianza 1965, watu hukuja kambini na gita na fidla zao na wanakaa wanapiga mbele ya mahema. Sisi ambao vyombo tunavyo, na wenye kuvipiga wako hapo kilomita moja na nusu, ndio tunabeba debe na betri ya gari.

Kuhusu hao vijana wa mitambo, Besi amenituma niandike hivi: nyatiti inataka maiki tatu. Moja ya mdomo, moja ya nyuzi, na moja chini kabisa karibu na kidole cha mguu, na kistuli kisiwekwe juu ya zulia, kiwekwe juu ya ubao, zulia linakula mapigo. Anasema yuko tayari kuja kufunga bila malipo, nauli tu. Na nyinyi askari wa steji, mtu akija na mia mbili mkononi mwacheni apite, hajaja kuiba.

Lile bango la kiboko pia msisahau, tafadhali.

Besi sasa ana namba ya simu ya mzee na wanaongea karibu kila wiki, sijui wanaongea nini kwa sababu mmoja Kiswahili chake ni cha Siaya na mwingine chake ni cha stendi. Wiki iliyopita alimuuliza anaweza kumjaribishia maiki ndogo kwa pete ya kidole. Mzee akamwambia njoo tu na hicho kitu chako, lakini kwanza niletee uzi wa kuvulia ule mgumu, kwenu Nairobi hakuna kinachokosekana. Jumamosi tulizunguka maduka tangu River Road mpaka Gikomba tukapata roli mbili. Tunaenda kumpelekea Desemba shule zikifungwa ndio Ticha pia aweze.

Spika haikupona. Hema tumerudisha, pegi zimebaki tatu, na kwa vile vijana wa kanisa nao husoma gazeti hili basi nakiri hapa hapa, ile ya nne iko na kiboko.

Muuza vipuri,
Umoja, Nairobi